Mpangilio wa tovuti na nafasi yako Google: usivunje yote

Mkuu, umeuliza kama kubadilisha mpangilio wa tovuti ya duka lako la vipuri Kariakoo kutakupandisha Google, maana fundi wako anataka uivunje yote uanze upya. Kazi yangu ni kutengeneza tovuti za wafanyabiashara hapa Dar. Ushauri wangu: kabla ya kuvunja chochote, ifungue kwa simu ya bei nafuu, kwa bando la kawaida, mbali na WiFi ya ofisini.

Nasisitiza simu kwa sababu Google imeshahamia huko. Tangu 2015 inazipendelea kurasa zinazosomeka vizuri kwenye simu kwa wanaotafuta kwa simu, na kufikia 2023 karibu tovuti zote inazisoma kwa mwonekano wa simu. Kwa hiyo fundi akiondoa maelezo kwenye simu ili pasijazane, ameyaondoa Google pia. Kuyakunja chini ya "soma zaidi" si tatizo, mradi yamo ndani ya ukurasa tangu unapofunguka.

Ila ugonjwa ninaoukuta sana kwenye maduka yetu ni bango la picha. Mteja wangu mmoja, muuza vifaa vya umeme, alikuwa na jina la bidhaa, saizi, bei na mtaa, vyote ndani ya mabango yaliyotengenezwa kwa ajili ya Instagram. Yanapendeza kweli, lakini Google ilikuwa haina maandishi ya kushika. Tukaandika kila bidhaa kwa maneno: jina kama kichwa, bei chini yake, picha ndogo pembeni. Baada ya muda Search Console, zana ya bure ya Google inayoonyesha watu wanaipataje tovuti yako, ikaanza kuonyesha watu wanaoingia kwa majina ya bidhaa, kitu ambacho hakikuwapo kabisa. Kwako wewe, "shokapu za IST" ziwe na ukurasa wake, na maneno hayo yaandikwe, yasichorwe.

Halafu kasi. Google inataka kitu kikubwa zaidi kwenye kioo kionekane ndani ya sekunde 2.5. Zile slaidi tano za juu ndizo zinazoua. Bakiza picha moja nyepesi. Inapima pia ukurasa unavyorukaruka: mteja anataka kubonyeza namba yako, bango linashuka, kidole kinaangukia pengine. Fundi aandike upana na urefu wa kila picha kwenye HTML (msimbo wa ukurasa) ili nafasi yake itengwe mapema. Vipimo hivi vimehesabiwa tangu 2021, lakini uzito wake ni mdogo kuliko maudhui, kwa hiyo asikuuzie kama dawa ya kila kitu.

Lile dirisha la "jiunge na grupu letu la WhatsApp" linaloziba kioo kizima mtu akiingia tu, litoe leo. Tangu Januari 2017 Google inaweza kukushusha kwa hilo. Kitufe kidogo pembeni kinatosha.

Na kama bado mtavunja, anwani za kurasa zisibadilike ovyo. Zikibadilika, kila ya zamani ielekezwe kwenye mpya yake kwa 301, yaani agizo la kudumu la kuhamisha anwani, la sivyo nafasi ulizonazo sasa zinapotea. Weka hapa majibu ya PageSpeed Insights, kipimo cha kasi cha Google, upande wa simu, tuyaangalie pamoja.