Kodi ya nyumba kwa mwalimu anayeenda Japani
Dada, umeuliza kama mshahara wa kufundisha Japani unatosha kodi, unatosha ila usiende mikono mitupu, kule sio kama hapa Mwanga unalipa miezi sita unapewa funguo, kule mwanzoni wanataka dhamana, pesa ya shukrani kwa mwenye nyumba (reikin, hiyo hairudi kabisa), ya dalali na kodi ya mwezi wa kwanza, vyote kwa mpigo na mshahara bado. Nyumba nyingi ni tupu, hata taa unanunua. Tafadhali muulize mwajiri kama anatoa nyumba na iandikwe kwenye mkataba. Alafu mwaka wa pili inaanza kodi ya manispaa (hii ni ya mapato yako, sio ya nyumba), jiandae. Nyumba ya mbali na stesheni ya treni ni nafuu, na waajiri wengi wanalipa nauli ya kwenda kazini.