Mshangao Haufungwi kwa Utepe

Msomaji wa Morogoro anauliza: "Hili neno 'sapraizi' lina maana gani hasa, limetoka wapi, na Kiswahili chake si 'mshangao'?"

Asili yake ni fupi. Waingereza walilitoa kwa Wafaransa, na katika karne ya 15 lilikuwa tayari limo katika Kiingereza. Kwa Kifaransa, sur ni juu na prendre ni kukamata; ukiviunga unapata kumdaka mtu asipotarajia. Lilikuwa neno la vita: adui anauvamia mji watu wamelala. Keki na maputo vilikuja baadaye sana.

Sasa hilo swali la mwisho, lililonipozea chai. Hapana, ndugu yangu, si mshangao. Siku hizi kila redio nikifungua, "Tumewaandalia mshangao!" Majuzi dukani nimeona boksi lenye utepe mwekundu, juu limeandikwa "Mshangao kwa Mama". Ndani mna doti ya khanga. Khanga ni khanga! Mshangao ni hali itakayompata mama akishafungua, na huenda isimpate kabisa, maana boksi alishaliona uvunguni tangu Jumatatu. Aliyepika pilau hatangazi, "Nimewaandalia shibe." Mchekeshaji hapandi jukwaani na kicheko mfukoni. Mshangao humshika mtu, kama butwaa linavyompiga. Hakuna aliyewahi kuuchukua dukani akarudishiwa chenji.

Kitenzi tunacho: kushtukiza. Ila tumewaachia wakubwa na ile "ziara ya kushtukiza", ambayo viti hupangwa tangu jana na waandishi wa habari humtangulia mgeni. Zawadi ya kushtukiza ingekuwa na haki zaidi ya jina hilo.

Na sapraizi lenyewe? Vijana wamekwisha kulinyambua: wanasapraizi, wanasapraiziana, na mjukuu wangu kasapraiziwa kwa ndoo nzima ya maji siku yake ya kuzaliwa, hadi leo anapiga chafya. Silipendi. Lakini limekubali viambishi vyetu bila kuchechemea, na ni mgeni asiyeficha kwao, basi na likae. Lile boksi ndilo siliwezi. Andikeni "Zawadi ya Mama". Kushangaa atashangaa mwenyewe.