Ugenini hakuna wa kutusamehe

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza bendi ya ridhaa inayopiga nyimbo za kopi, yaani nyimbo zilizokwisha kurekodiwa na wanamuziki wengine, hupata nini inaposafiri kwenda kupiga katika baa ya ugenini, ambacho haiwezi kukipata katika baa iliyoizoea. Mimi hupiga gita la besi katika bendi ya watu watano, ambao kila mmoja ana kazi nyingine inayomlisha, na jibu langu ni kwamba ugenini bendi hupata kujisikia jinsi ilivyo. Nyumbani tunasamehewa. Nusu ya wanaotusikiliza ni ndugu, majirani na watu tunaofanya nao kazi, nao hutupigia makofi hata kabla wimbo haujaanza. Lakini mtu wa ugenini hajui kabisa sisi ni akina nani, ila wimbo wenyewe anaujua tangu utotoni, na amekuja na rekodi yake asilia kichwani. Ukikosea katika utunzi wako mwenyewe huenda asigundue mtu, lakini ukikosea katika kopi hata mhudumu anayekusanya glasi hugeuka kukutazama.

Sisi aibu yetu ya kwanza ilitokana na ukumbi. Tulifika jioni, tukafunga vyombo, tukapima mitambo baa ikiwa tupu, na kwa kuwa kuta zilikuwa ngumu na sauti ilikuwa inarudi kwa mwangwi, tukapunguza sana sauti nyembamba mpaka tukaridhika. Hatukukumbuka kwamba miili ya watu na nguo zao hunyonya sauti, hasa hizo nyembamba. Baa ilipojaa, maneno ya mwimbaji yalizama, naye mpiga solo akaongeza amplifaya yake ili ajisikie, nami nikaongeza yangu nisizidiwe, mpiga dramu akaanza kupiga kwa nguvu zaidi, na kufikia mapumziko ya kwanza mwimbaji alikuwa amekwisha kukauka koo. Mwenye baa alitujia kwa upole na kutueleza kwamba wahudumu hawasikii wateja wanaagiza nini. Ilikuwa hoja nzito kuliko ukosoaji wowote wa kimuziki, kwa sababu baa huishi kwa vinywaji, na bendi inayozuia mauzo haialikwi tena hata ikipiga vizuri namna gani. Tangu siku hiyo, sauti ya mwimbaji isiposikika, sisi wengine ndio tunaopunguza.

Ni katika ukumbi huo pia tulipojua chanzo cha ule mlio mkali unaowafanya watu wazibe masikio. Kipaza sauti kinaposikia sauti inayotoka katika spika, huirudisha kwenye mitambo, nayo hukuzwa na kutoka tena, na mzunguko huo ukiendelea mlio hupanda kwa kasi. Vipaza sauti vingi vya jukwaani vimetengenezwa kusikia zaidi kutoka mbele na kidogo sana kutoka nyuma, kwa hiyo spika ya mwimbaji ya kujisikilizia huwekwa upande ule wa nyuma wa kipaza sauti. Mwimbaji wetu alikuwa na tabia ya kukikumbatia kipaza sauti kwa kiganja, kwa madaha ya jukwaani, bila kujua kwamba kufunika kichwa chake huvuruga mpangilio huo na kuualika mlio. Nyumbani, katika chumba kidogo chenye mapazia mazito, tabia hiyo haikuwahi kutuletea balaa.

Kuna na suala la mwendo. Mbele ya wageni moyo hudunda, na mkono wa mpiga dramu huufuata. Wimbo wa dakika 4 wenye mapigo 120 kwa dakika ukipigwa kwa mapigo 128 unakwisha kwa dakika 3 na sekunde 45, na mkipiga nyimbo 12 kwa haraka hiyo mtakuwa mmemaliza dakika 3 kabla ya wakati, mkitazamana bila wimbo wa kuziba pengo. Siku hizi mpiga dramu wetu huweka pembeni kifaa kidogo cha mapigo chenye taa inayomulika. Kwanza alikiona kama dharau, na kwa kweli bado anakiona hivyo, lakini anakitazama.

Wapo watakaosema kwamba kopi ni kazi ya chini isiyostahili safari. Ningewakumbusha kwamba kuanzia Agosti 1960 The Beatles, bendi ya Uingereza iliyokuwa bado haijulikani, walipiga katika vilabu vya Hamburg, Ujerumani, kwa saa nyingi kila usiku, mbali na kwao Liverpool, na sehemu kubwa ya walichokipiga ilikuwa nyimbo za watu wengine. Silinganishi vipaji. Ninachosema ni kwamba ukumbi wa wageni, usiku baada ya usiku, hukulazimisha kuujua wimbo hadi ndani, kwa sababu huna kingine cha kumpa msikilizaji.

Kuhusu kuchagua nyimbo sina mengi: tulizozipenda sisi kwa ugumu wake tumezipunguza, na zile zenye kiitikio kinachoshikika tumezipeleka mwishoni.

Sasa huacha simu ikirekodi kwenye meza ya nyuma kabisa, kisha tunasikiliza kesho yake bila kujitetea. Katika rekodi ya mwisho, sauti inayosikika kuliko zote si ya mwimbaji wetu wala gita langu, bali ni ya bwana mmoja aliyekaa karibu na simu, akimwuliza mwenzake hawa ni akina nani. Mwenzake hajui, na kabla hajamaliza kujibu bwana yule ameshadakia kiitikio, akiimba pamoja nasi mpaka mwisho, kwa ufunguo wake mwenyewe.