Je, kila safari ya rubani ilikuwa ya vita?

SWALI: Shikamoo babu. Mimi ni mwalimu wa Historia, Tukuyu. Mgeni kutoka Ujerumani alinionyesha kitabu cha safari cha babu yake, aliyekuwa rubani wa kijeshi katika Vita Kuu ya Pili. Mstari wa mwisho una namba 412, nami nikawaambia wanafunzi kwamba alikwenda vitani mara 412. Sasa nina wasiwasi. Ndaga (asante).

JIBU: Marahaba, mwalimu. Wasiwasi wako ni wa haki, na nimefurahi umeuliza kabla namba hiyo haijaota mizizi vichwani mwa watoto.

Miaka ya themanini nilikuwa dereva wa gari la chanjo, Njombe hadi Makete. Kitabu cha gari kilikuwa na safu ya kusudi la safari. Gari likitoka gereji nilizunguka nalo mjini kuangalia breki, nikaandika "majaribio". Ukihesabu mistari yangu yote ukasema ni safari za chanjo, umenizidishia kazi.

Kitabu cha Wajerumani, Flugbuch, kiko vivyo hivyo. Namba zake huanzia siku za mafunzo na kuendelea mfululizo, kwa hiyo mamia ya mistari ya mwanzo yaweza kuwa ya mwanafunzi anayezunguka uwanja na kutua, kuzunguka na kutua. Tafuta safu iliyoandikwa Zweck des Fluges, yaani kusudi la kuruka. Werkstattflug ni kuijaribu ndege iliyotoka kwa mafundi. Mara nyingi ni dakika chache, na uwanja wa kuondokea ndio wa kutulia. Überführung ni kuihamisha ndege, basi viwanja vitatofautiana. Feindflug ndiyo safari ya kumwendea adui. Lakini usilitegemee neno hilo peke yake: wengine waliandika kazi yenyewe, kama Begleitschutz, kusindikiza ndege nyingine, au Freie Jagd, kuwinda adui bila kupangiwa shabaha.

Hata hizo za vita hazikuwa mapigano zote. Erich Hartmann, rubani wa kivita wa Ujerumani katika vita hiyo, anahesabiwa safari 1,404 za vita, ila mapambano ya angani 825. Unaona pengo hilo? Ndege zilikwenda, zikarudi bila kukutana na mtu.

Walizihesabu kwa makini kwa sababu kuanzia mwaka 1941 kulikuwa na nishani ya safari hizo: ya shaba kwa 20, ya fedha kwa 60, ya dhahabu kwa 110. Marubani wengi waliziandika pia katika kitabu cha pili, Leistungsbuch. Mwombe mgeni wako aangalie kama familia inacho. Kama hakipo, kaeni pamoja mpitie safu ya kusudi mstari kwa mstari, kisha uwarudie wanafunzi na hesabu mpya.