Maswali yenu: mafuvu kwenye droo, popo wa Amboni na jina lako kwenye makala

Haya wapendwa, nimeteremka Tanga mjini juzi kutoka Amani nikakuta maswali yamejaa. Kwa wageni, kazi yangu ni kuwalea wanafunzi wa masta na PhD wanaosoma mamalia wadogo, yaani panya, popo, virukanjia na jamaa zao, kuanzia porini mpaka kwenye makabati ya makumbusho. Najibu machache leo.

"Shikamoo mwalimu. Mie msichana wa Muheza, nimeanza masta. Supavaiza kanipa kazi ya kupima mafuvu ya panya kwenye droo za makumbusho miezi mitatu, wenzangu wako msituni na kamera. Hivi huu ni utafiti au nimefanywa karani?"

Marahaba mwanangu. Ni utafiti, tena wa maana sana, ila na wewe una haki ya kuuliza.

Chukua mfano wa kipunji, yule kima wetu wa milima ya Rungwe na Udzungwa. Alipotangazwa mwaka 2005 wataalamu walikuwa na picha tu, wakamuweka kwenye kundi moja na mangabe, kima wengine wa msituni wenye mkia mrefu, kwa sababu ndivyo anavyoonekana, halafu mkulima mmoja huko Rungwe akamnasa kipunji kwenye shamba lake la mahindi, mzoga ukahifadhiwa ukafika makumbusho ya Field Museum kule Chicago, Marekani, wakaangalia fuvu, wakapima vinasaba vya nyama yake, na vinasaba vikasema huyu yuko karibu zaidi na nyani wa kawaida kuliko mangabe. Mwaka 2006 akapewa jenasi (kundi la aina zinazokaribiana) yake mwenyewe, Rungwecebus, na Afrika ilikuwa haijapata jenasi mpya ya kima kwa miaka 83. Mnyama mmoja tu huyo, wa shamba la mahindi! Picha peke yake isingefika hapo.

Kwa hiyo droo isikutie unyonge. Mafuvu 20 ya kwanza yapime mara mbili, siku mbili tofauti, bila kuchungulia namba za mwanzo, ndipo utaujua ukubwa wa makosa ya mkono wako. Fuvu likiwa limevunjika mfupa wa shavu acha nafasi wazi, usikisie. Angalia na meno kama mnyama alikuwa amekomaa, maana ukichanganya watoto na wakubwa utakuja kutuambia umegundua aina mbili kumbe ni mtoto na baba yake.

Sasa kuhusu ukarani. Nenda kwa supavaiza wako kwa adabu umuulize, "Mwalimu, kwenye vipimo hivi swali langu mimi ni lipi?" Akikujibu vizuri, kaa na droo zako kwa moyo mkunjufu. Akishindwa, au akisema wewe pima tu, hapo wasiwasi wako ni wa kweli na itabidi muandike swali pamoja kabla hujafungua droo nyingine.

"Mwalimu, mama yangu hapa Pangani kila siku ananiuliza kwani lazima muwaue? Si kuna kamera? Nakosa jibu."

Mama ameuliza swali ambalo kila mwanafunzi wangu lazima alijibu kabla hajatega mtego hata mmoja, na mie sitaki jibu la kukariri.

Kamera zinafaa sana kwa wanyama wakubwa kidogo. Yule sange mkubwa wa Udzungwa, mnyama wa pua ndefu kama mkonga, mwenye uso wa kijivu, kama gramu 700 hivi, alinaswa kwanza na kamera mwaka 2005. Lakini ili apewe jina mwaka 2008 ilibidi wakamatwe wachache, wapimwe, wahifadhiwe. Kirukanjia ndiyo kabisa, kale kanyama kenye pua ndefu, gramu chache tu, aina mbili zinafanana kila kitu mpaka ufungue mdomo uangalie meno. Picha ya usiku haikwambii kitu.

Halafu kuna faida ambazo mkusanyaji mwenyewe hazijui. Mwaka 1993 Marekani, kule New Mexico, watu walianza kufa kwa ugonjwa wa mapafu uliotoka kwa panya, wakasema ni kirusi kipya. Walipotoa nyama za panya zilizogandishwa makumbusho miaka ya nyuma wakakuta kirusi kilikuwemo siku zote. Na sisi watu wa mkoa huu tunaijua tauni ya Lushoto iliyoanza 1980, tunajua kwa nini ni muhimu kuwajua panya wa kila kijiji.

Mwambie mama hivyo, lakini mwambie na masharti yake. Kibali kinasema wangapi, na ukishapata unaowahitaji wa aina hiyo, anayefuata achia. Kila mnyama anatumika mwili mzima, ngozi, fuvu, kipande cha ini kwenye ethanoli kabla hujagusa fomalini, dawa ya kuhifadhia mwili, maana fomalini inaharibu vinasaba. Na lebo iandikwe siku hiyo hiyo kwa wino usiofutika, mahali, tarehe, mwinuko, jinsia, vipimo. Mnyama aliyeuawa akakosa lebo ameuawa bure, hapo mama atakuwa sahihi na mie nitakuwa upande wake.

"Chambo gani kizuri? Panya wa Usambara hawaingii kwenye mitego yangu."

Nazi! Kata vipande, kaanga, pakaa siagi ya karanga, weka ikiwa mpya. Ndicho alichokuwa anatumia Bill Stanley wa Field Museum, aliyezunguka milima yetu ya Tao la Mashariki miaka mingi mpaka alipofariki akiwa kazini Ethiopia mwaka 2015. Virukanjia usiwategee chambo, wafukie ndoo 11 za lita 15 kwa mstari, kila baada ya mita 5, na karatasi ya plastiki ipite juu ya ndoo kama ukuta mfupi. Toboa ndoo chini maji yatoke. Kagua asubuhi na jioni, hata mvua inyeshe.

"Tunataka kwenda mapango ya Amboni kushika popo, chanjo ni lazima?"

Ni lazima. Chanjo ya kichaa cha mbwa kabla ya kwenda, glavu ngumu, barakoa, na kibali mkononi. Anayekutuma bila chanjo mkatalie, hata kama ndiye anayesaini tesisi yako.

"Nilitega, nikachuna, nikapima, makala imetoka jina langu halimo. Nifanyeje?"

Pole sana kaka, hili linaniuma kwa sababu limenipata. Nikiwa mwanafunzi nilipima mamia ya mafuvu kwa ajili ya mkubwa mmoja, usiku na mchana, makala ilipotoka nikashukuriwa kwenye mstari mmoja pamoja na dereva, na nilinyamaza miaka mingi.

Kwa hiyo fanya nisilolifanya mie. Mwandikie kwa heshima, taja ulichofanya, omba mkae mzungumze. Na safari ijayo, kabla hamjapanda gari, andikeni nani anakusanya, nani anapima, nani anaandika sehemu ipi. Daftari la fildi liwe na jina lako na namba zako mwenyewe kuanzia 1, kwa sababu namba hiyo inaandikwa kwenye lebo na itakaa na mnyama miaka mia. Mwaka 2000 kirukanjia wa Udzungwa alipewa jina Myosorex kihaulei, kwa heshima ya Mtanzania aliyefanya kazi ya mamalia wadogo, Kihaule. Kila mwanafunzi wangu namuonyesha jina hilo siku ya kwanza.

"Mimi nasimamia wanafunzi. Mmoja hasemi kitu, kila kitu 'sawa mwalimu', kumbe hajaelewa. Nimfanyeje?"

Mwenzangu, sisi tumelelewa kwamba mkubwa haulizwi, sasa usimlaumu mtoto kwa adabu aliyofundishwa nyumbani. Acha kumuuliza "umeelewa?" maana jibu ni moja tu. Mwambie nionyeshe. Kaa naye meza moja, wewe chuna panya wako yeye wake, ngozi yake ya kwanza ikichanika mwache amalize hivyo hivyo, ya kumi itakuwa nzuri. Na siku akikukosoa, usimkate.

Wiki iliyopita kule Amani binti mmoja ambaye mwezi mzima alikuwa kimya aliniangalia napima sikio la panya, akasema taratibu, "Mwalimu, mbona mie napata milimita 2 zaidi?" Nikapima upya. Alikuwa sahihi, nilikuwa sijaanzia kwenye ule mkato wa chini ya sikio. Nikafuta namba yangu kwa mstari mmoja, nikaandika yake, na pembeni herufi za jina lake.