Jibu: Zeus Basileus na Zeus Meilichios ni mmoja au wawili?

Ndugu, umeuliza kama lakabu inayofuata jina la Zeus, mungu mkuu wa Wagiriki wa kale, ni sifa tu. Hapana. Kwenye ibada ilifanya kazi kama anwani: madhabahu ipi, mnyama gani, nyama inaliwa au hailiwi.

Mtazame Xenophon, askari na mwandishi wa Athens, mwaka 399 K.K. Alikuwa akimtolea sadaka Zeus Basileus, yaani Mfalme, lakini akafika mji wa Lampsacus hana hela, hata farasi akamuuza. Mwaguzi Eucleides akaangalia matumbo ya mnyama wa sadaka, akamwambia anayemzuia ni Zeus Meilichios, yaani Mpole, ambaye hajamtolea kitu tangu atoke kwao. Kesho yake akateketeza nguruwe wazimawazima, bila kubakiza nyama ya kula. Siku hiyohiyo akarudishiwa farasi. Ukimlipa Basileus, deni la Meilichios linabaki palepale, ingawa wote ni Zeus.

Hata sura hutofautiana. Kwenye mawe ya kuchonga ya Piraeus, bandari ya Athens, Meilichios mara nyingi ni nyoka mkubwa mwenye ndevu.

Asiyejua amwendee nani aliuliza Dodona, mahali patakatifu pa Zeus palipotolewa majibu ya mungu, akiandika kwenye kibati cha madini ya risasi: nimtolee mungu gani ili nifanikiwe?