Dar hadi Tukuyu kwa gari: lala Iringa, ufike na nguvu ya kusalimia

Likizo ya mwezi wa sita, mwaka 2016, tulitoka Dar saa 11 alfajiri tukiwa na mpango wa kulala Tukuyu, kwao mume wangu mkoani Mbeya, siku hiyo hiyo. Mume wangu alishapiga hesabu zake: Dar mpaka Uyole ni kilomita 800 na ushee, ukikata kushoto pale Uyole, Tukuyu haifiki hata kilomita 100. "Saa 2 usiku tunakula kwa mama," aliniambia. Tulifika saa 7 usiku.

Lori liliharibika katikati ya mlima Kitonga, foleni ikasimama zaidi ya saa mbili. Giza likatukuta Makambako. Kutoka Uyole kupanda kuelekea Isyonje ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba nilitoa kichwa dirishani kumsaidia mume wangu kuona mstari wa pembeni.

Mama mkwe hakuwa amelala. Tulimkuta jikoni amejifunika blanketi, moto umebaki makaa, sufuria la mbalaga limefunikwa kwa majani ya mgomba ili ndizi zisipoe. Mawifi zangu na baba mdogo walisubiri mpaka saa 5, wakaona bora waende. Watoto waliamshwa wakaanza kulia, wakawa wanaukwepa mkono wa bibi yao kwa sababu hawakumtambua gizani. Mume wangu alisalimia akiwa amesimama. Nami, kwa kinywa changu, nikasema, "Mama, tumeshiba, tulikula njiani. Tunaomba tu kulala." Akajibu, "Haya, lalani wanangu," akalichukua lile sufuria akaliweka pembeni. Nilimsikia anaondoa majani moja moja na kuyaweka chini.

Mimi ni mtu wa Tanga niliyeolewa Unyakyusani, na sauti ya yale majani sijaisahau mpaka leo. Tangu hapo tumeifanya safari hiyo mara nne, na kila mara tumebadilisha kitu. Kwa kuwa likizo inakaribia na wengi mnapanga kwenda kusalimia ndugu mikoani, naandika yale ambayo ningependa mtu angeniambia mapema.

La kwanza na kubwa: panga safari kuanzia mwisho wake. Wengi tunapanga kuanzia saa ya kuondoka. Sisi sasa tunaanza na swali moja, tunataka wazee watuone tukiwa katika hali gani? Jibu letu ni saa 10 jioni, jua likiwepo, watoto wameamka, nguo safi, sisi wenyewe tuna hamu ya kula na kuongea. Ukihesabu kurudi nyuma kutoka hapo, unaona wazi kwamba kwa mwenye gari dogo na watoto, Tukuyu si safari ya siku moja.

Tunalala Iringa. Morogoro ni karibu mno, chini ya kilomita 200 kutoka Dar, ukilala pale siku ya pili inakuwa ndefu na nzito. Makambako ni mbali mno, na baridi yake ya mwezi wa sita na ule upepo si wa kumshushia mtoto usiku. Iringa iko kama kilomita 500 kutoka Dar, nusu ya njia na zaidi, na ukifika pale Kitonga umeshaimaliza. Ukitoka Dar saa 11 alfajiri, ukanywa chai Morogoro, saa 9 au 10 alasiri unaingia Iringa bila kukimbizana na mtu. Weka nafasi ya nyumba ya wageni mapema, ulizia maji ya moto na sehemu ya kuegesha yenye geti. Ndiyo, ni gharama ya usiku mmoja zaidi. Mimi naitoa kwenye bajeti ya zawadi kama hakuna pengine pa kuitoa.

Gari lipeleke kwa fundi wiki mbili kabla, lisiende siku moja kabla ya safari. Kifaa kipya kikiwa na kasoro, kasoro hiyo iibukie Tabata ukienda kazini, isikuibukie Ruaha Mbuyuni na jua la saa 7. Fundi aangalie breki, rejeta na mipira yake, mkanda wa injini, na tairi zote pamoja na ya akiba. Tairi lina namba nne ubavuni: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 2315, hilo limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2015, limeshazeeka, na hata kama kashata zake bado zinaonekana nzima usiliamini na familia yako. Hakikisha jeki inafanya kazi, kizimamoto hakijapitwa na muda, na reflekta zote mbili zipo.

Barabara yenyewe sasa. Mpaka Chalinze ni foleni na uvumilivu. Baada ya Morogoro njia inafunguka na hapo ndipo watu wanakosea, kwa sababu vijiji ni vingi na kila kijiji kina kibao cha 50. Trafiki wenye tochi, kile kifaa cha kupima mwendo, wanajua hasa mahali ambapo mguu wako unazidi. Faini unaweza kuilipa. Lakini mtoto anayevuka barabara kwenda kuchota maji hajui kwamba wewe unawahi kwa bibi.

Mikumi barabara inakatisha ndani ya hifadhi kwa takriban kilomita 50. Hapo watoto wanataka kuona wanyama, na watawaona bila kulipa kiingilio: swala, nyani, twiga, pundamilia, mara nyingine tembo wako mita chache tu kutoka kwenye lami. Punguza mwendo, 70 mchana na 50 usiku, na usisimame kulisha nyani ndizi hata watoto wakililia hilo. Nyani aliyezoea ndizi za wasafiri anakaa barabarani, na anayekaa barabarani anagongwa. Kuna kibao kinachoorodhesha faini ya kila mnyama utakayemgonga, tunawasomea watoto kwa sauti kila tukipita.

Kutoka hapo unaingia ukanda wa mibuyu, joto, vitunguu vya Ruaha Mbuyuni vimepangwa pembeni kwenye nyavu nyekundu. Halafu Kitonga. Kwenda unapanda, kurudi unashuka, na hayo ni mambo mawili tofauti. Wakati wa kupanda, tazama mshale wa joto la injini. Ukianza kusogea, zima kiyoyozi, fungua vioo. Usimpite lori kwenye kona hata dereva wake akikuwashia indiketa ya kushoto kukuruhusu. Yeye anakusaidia kwa moyo mzuri, ila gari ni lako na roho zilizomo ni zako. Wakati wa kushuka, weka gia ndogo tangu juu na uiache injini ikushike, usikanyage breki njia nzima. Harufu ya breki zinazoungua utaisikia kwa wenzako. Na popote utakapoona matawi ya miti yamewekwa kwenye lami, mbele kuna gari limeharibika. Usiku matawi hayo huyaoni mpaka umeshayafikia, na hii peke yake ingetosha kunizuia kusafiri usiku kwenye njia ya malori ya Zambia na Kongo.

Jambo dogo ambalo lilitusumbua mara mbili: masweta. Ruaha Mbuyuni unatoka jasho, saa moja na nusu baadaye uko Iringa, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na watoto wanatetemeka huku nguo zao ziko chini ya begi la chini kabisa. Mfuko wa masweta na soksi ukae miguuni mwa mtu, pamoja na tangawizi ya kutafuna, maji, na mifuko ya kutapikia. Binti yetu wa pili kona za Kitonga zinampata kila mara. Tumegundua akikaa katikati, akaangalia mbele, na akala mkate mkavu tu asubuhi, anavuka salama.

Siku ya pili, kwa kuwa hatuna haraka, tunasimama Isimila, kama kilomita 20 kutoka Iringa mjini, hapo hapo njia ya Mbeya. Zile nguzo za udongo zilizochongwa na mvua na upepo, na zana za mawe za watu wa kale. Saa moja inatosha. Watoto wakikimbia pale asubuhi, wanalala mpaka Makambako.

Tukiwa Igawa au Chimala, nampigia mama simu. "Mama, tumeshafika Chimala, saa 10 tupo." Piga ukiwa karibu, na taja saa unayoweza kuitimiza. Ukisema "tunakuja" tu tangu asubuhi, unawaweka watu wazima getini siku nzima.

Zawadi. Usibebe mchele kutoka Dar kwenda Mbeya. Nilifanya hivyo mwaka ule wa kwanza, gunia zima la kilo 25, nikapita nalo Igurusi ambako mchele wenyewe unalimwa. Beba kisichopatikana kule kwa urahisi. Mimi nabeba nazi kavu 20, dagaa, tende, na kanga. Mara ya pili niliomba ruhusa jikoni nikawapikia ndizi za nazi kama tunavyopika Tanga. Mama alionja akanyamaza, akaongeza, halafu akamwita jirani yake aje aonje. Siku hizi swali lake la kwanza kwenye simu ni kama nazi zipo.

Bahasha za wazee ziandaeni Dar, mkiwa wawili, mezani. Nani anapewa, kiasi gani. Mazungumzo hayo yakifanyika uani kwa watu kwa kunong'onezana, kila mtu anayaona. Na noti ndogo ndogo ziwe nyingi, maana kila mji, yaani nyumba ya ndugu, mtakaoingia kuna bibi au babu ambaye hamkumtarajia.

Kuhusu kuzunguka kwa ndugu, tulikosea vibaya mwaka 2018. Tulianza kwa baba mdogo kwa sababu nyumba yake iko kando ya lami, tukasema tutampitia baba mkubwa tukirudi. Habari zilimfikia kabla yetu. Alitupokea vizuri, akatukaribisha, lakini alimwambia mume wangu, "Siku hizi nyumba inaanzia mlangoni kwa mdogo?" Mume wangu alipiga magoti kuomba radhi. Kwa hiyo anzeni kwa mkubwa, hata kama njia yake ina matope na inabidi mwache gari mtembee. Kabla ya hapo, siku ya kwanza asubuhi, tunakwenda makaburini nyuma ya nyumba, tunang'oa majani, tunawaeleza watoto nani amelala wapi.

Miji mitatu kwa siku, isizidi. Kila mji utapewa chakula, na kukataa ni kuumiza mtu. Ya 2016 nimeshayaeleza. Kula kidogo kila mahali. Dada uliyeolewa kabila tofauti, muulize mumeo mapema mambo ya heshima ya kwao. Wanyakyusa, kwa mfano, wana miiko kati ya mkamwana na baba mkwe ambayo Tanga hatuna, na bora uambiwe na mumeo kwenye gari kuliko ujifunze mbele za watu. Wafundisheni watoto maneno mawili tu ya lugha ya nyumbani. Wetu walijifunza "mugonile", yaani salamu, na "ndaga", yaani asante, tukiwa kati ya Mafinga na Makambako, kwenye misitu ya misonobari, wakirudia kama wimbo. Shangazi yao mkubwa alipoambiwa "ndaga" na mtoto wa miaka minne kwa kikombe cha maziwa, aliweka kikombe chini akambeba.

Acheni nafasi kwenye buti kwa ajili ya kurudi. Mtapewa mikungu, viazi, maparachichi, na hakuna lugha ya kukataa mkungu ambao mtu ameukata kwa ajili yako. Maparachichi ombeni mabichi kabisa, yafungeni kwenye magazeti, yatafika Dar yakiwa yameanza kulainika. Mchele wa Igurusi nunueni kurudi. Na upepo wa tairi uongezwe kabla ya kuondoka kwa sababu gari litakuwa zito kuliko lilivyokuja, na Kitonga iko mbele yenu, ya kushuka.

Mwaka jana mwezi wa sita tulitoka Iringa asubuhi baada ya chai, nikapiga simu Chimala kama kawaida. Ilikuwa inanyunyiza tulipokata kona ya kuacha lami. Mama alikuwa amesimama pale kwenye kibanda cha bodaboda na mwavuli, kanga ya Tanga mabegani, saa 10 kasoro dakika 5. Watoto walishuka kabla gari halijasimama vizuri. Aliwauliza kama wana njaa, wakamjibu wote kwa pamoja kwamba hawajala tangu Makambako.